Jicho Lililochongwa Mara Tatu

Wapendwa wangu wa jumuiya ya Ipagala, na wewe Mwalimu Daudi uliyenipigia simu kutoka Kongwa hata kabla sijavua viatu: mmeuliza ilikuwaje. Nimejaribu kuwasimulia kwa mdomo nikashindwa, maana nikifika kwenye habari ya mayai nacheka, nikicheka Mama Amosi naye anacheka, na simulizi inafia hapo. Basi nimeketi mezani niandike. Mambo ya kupanga safari, ya vyeti na ya foleni za madirishani nayaruka. Mungu aliyatengeneza na mimi sikuyaelewa.

Ipagala, kabla ya basi

Kwa asiyenifahamu vizuri, mimi ni mwinjilisti mstaafu. Nilizunguka vijiji vya Kongwa kwa pikipiki, usoni nikiwa na miwani minene ya chupa. Vumbi la kule mnalijua. Miwani ilijaa vumbi, nikaifuta ikakwaruzika, ikaanguka nikaikanyaga, na moja ilitafunwa na ndama wa mwenyeji wangu nilipokuwa nikiombea chakula. Mpwa wangu aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo akanihurumia, akanipeleka kwa madaktari wa leza. Wakaichonga konea, yaani kile kioo hai kilicho mbele ya jicho, na kesho yake nikaona. Niliporudi Kongwa niliona kupe kwenye sikio la ng'ombe aliyesimama upande wa pili wa zizi. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya kupe yule, na namshukuru mpaka leo.

Miaka ikapita, ukungu ukarudi. Tukachonga mara ya pili. Ukarudi tena, tukachonga mara ya tatu. Safari hii haikudumu. Taa moja ikageuka taa kadhaa zenye mikia. Mwezi mmoja ukawa kundi la miezi. Jicho la kushoto likazama kwenye maziwa, na la kulia likaanza kulifuata polepole kama ndama anavyomfuata mama yake mtoni.

Daktari wa hapa Dodoma alinipima, akasema konea zimekuwa nyembamba na zinajitokeza mbele, akanielekeza kwa mtaalamu wa konea huko Moshi. Lakini mwanangu Amosi, ambaye ni mtumishi wa wizara na hunipenda kwa haraka, alikuwa amesikia habari za leza mpya kuliko zote. Alitaka nichongwe mara ya nne. Mama yake alikataa. Tukapatana hivi: twende Moshi kwanza, na Moshi wakikosa la kufanya, nitarudi kwenye leza ya Amosi.

Sasa niwaambie kilichokuwa kikinisumbua moyoni. Mnajua kwamba mimi ndiye msomaji wa somo la Jumapili. Tangu ukungu ule wa tatu nilikuwa sisomi. Kila Jumamosi jioni Mama Amosi alinisomea somo la kesho, analirudia mpaka nalishika kichwani, na Jumapili nilisimama mbele, nikainamia Kitabu, nikalisema kama mtu anayesoma. Hakuna aliyejua ila mimi na yeye. Ndivyo nilivyoamini. Lakini kichwa nacho kina umri wake, na Sikukuu ya Mavuno ilikuwa inakaribia, na somo lake ni refu. Nikaomba: Bwana, nipe nilisome hili kwa macho. Kama si mapenzi yako, siku hiyo nitaacha nafasi yangu kwa mtu mwingine, na nitakaa kwenye benchi nikiwa na furaha.

Ndicho nilichobeba safarini, pamoja na kikapu cha zabibu za kuwapelekea wenyeji wetu.

Dodoma hadi Kondoa: shikamoo za tahadhari

Mtu asiyeona nyuso hajui umri wa anayesimama mbele yake. Mwaka jana pale Area D nilimwitikia mzee mmoja "marahaba" kabla hajasema neno, kumbe alikuwa anakohoa, na kumbe ni mkubwa wangu aliyenifundisha chuoni. Tangu siku hiyo nilijiwekea sheria: kila kivuli kinachonijia nakipa shikamoo. Nilijiambia kwamba heshima ikizidi haimuui mtu.

Stendi niliwaamkia mlinzi, mpakia mizigo na dereva. Mama Amosi anashuhudia kwamba niliuamkia pia mfuko wa vitunguu uliosimamishwa mlangoni mwa basi. Vitunguu havikuitikia, nikadhani ni mtu mwenye majivuno.

Tulipita Makutupora, tukapita Haneti, Mama Amosi akinisimulia yanayopita dirishani: mashamba ya uwele, mbuzi, mtu amelala chini ya mkokoteni. Kondoa basi likasimama, na wauzaji wakaja madirishani. Mmoja akaleta beseni la mayai ya kuchemsha karibu na uso wangu. Nikaona kitu kirefu chenye vichwa vitatu.

"Shikamoo," nikasema.

Mnajua desturi yetu. Mzee akimwamkia kijana shikamoo, huyo kijana amekosea na anapewa nafasi ya kujirudi mwenyewe. Huyu alikuwa kijana ambaye ndevu zake, kwa maelezo ya Mama Amosi, bado zilikuwa za kuahidiwa.

"Mzee, nimekukosea nini?"

Sikumjibu, maana nilikuwa natafuta leso mfukoni. Yeye akafikiri nangoja.

"Basi, mzee. Mayai ni ya jana. Wewe usile. Ya leo anayo dada yangu pale, ngoja nikuletee."

Akakimbia. Ndani ya basi watu waliokwisha kununua walisita kutafuna, mwingine shavu likiwa bado limejaa. Mama mmoja wa kiti cha nyuma alisema kwamba ndiyo maana alihisi chumvi haitoshi. Kijana akarudi na mayai ya leo, akawabadilishia wote, na akaniomba radhi mara mbili. Mimi nilikuwa sijui hata tunazungumza nini. Mama Amosi alicheka mpaka akalalia bega langu. "Baba Amosi," akaniambia sikioni, "hiyo shikamoo yako ni panya-buku. Inafukua mpaka akiba iliyofichwa."

Bereko: tairi

Tulikuwa tumepita Kolo, basi linapanda vilima vya Bereko, tuliposikia du, du, du chini ya viti vya nyuma. Dereva akapunguza mwendo, akaendelea. Kondakta, kijana mchangamfu aitwaye Shabani, akapita katikati akitutuliza kwamba ni kijiwe tu kimebanwa kwenye tairi na kitatoka chenyewe. Alipofika kwenye kiti chetu, nikafanya kama nilivyozoea. Mama Amosi alinifinya, lakini neno lilikwisha kutoka.

"Shikamoo."

Shabani alisimama.

"Mzee, umejuaje?" akasema. Halafu akaita mbele: "Dereva, simama tu. Tairi limetoka nundu, na mzee ameshajua."

Tukashuka wote. Watu walilizunguka tairi, wengine wakinitazama mimi kuliko tairi, kwa maana habari ya mayai walikuwa nayo bado. Niliomba nipelekwe niguse. Shabani akauchukua mkono wangu, akauweka ubavuni mwa tairi. Palikuwa na uvimbe wa mviringo, mgumu lakini hai.

Nikamwuliza umetoka wapi. Alinieleza taratibu, kama mtu anayetua mzigo. Tairi likiisha meno, linapelekwa kwa fundi, naye anakata mifereji mipya kwenye mpira uliobaki. Kuchonga, ndivyo wanavyoita. Linarudi limependeza kama jipya. Likiisha tena, linachongwa tena. Hili lilikuwa limechongwa mara tatu. Kila likichongwa mpira unazidi kuwa mwembamba, nyuzi za ndani zinaachia, na upepo uliojazwa haujali uzuri wa meno. Unasukuma pale palipolegea.

"Na mkilichonga mara ya nne?" nikauliza.

"Mara ya nne, mzee?" Shabani akacheka kwa huzuni kidogo. "Hapo utakuwa unachonga upepo."

Nilibaki na kiganja juu ya ile nundu. Jua lilikuwa kali, watu wanalalamika, na mimi nilikuwa nimepata mahubiri mafupi kuliko yote niliyowahi kuyasikia. Mama Amosi, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu nimwoe, aliutoa tu mkono wangu pale, akaufuta kwa kanga yake.

Tairi la akiba nalo lilikuwa upara, kwa hiyo tukangoja jingine litoke Babati. Hapo ndipo abiria mmoja, dada wa maombi mwenye sauti ya kujaza uwanja, aliposikia nakwenda kutibiwa macho. Akaja mikono ameshainyosha, kwamba ayashike macho yangu na kuyakemea. Daktari wa Dodoma alikuwa amenionya nisiyafikiche wala kuyabonyeza kamwe, na mikono ya dada huyu, kwa uzito wa hatua zake, haikuwa mikono ya kugusa kwa wepesi. Nifanyeje? Maombi siyakatai.

"Dada yangu," nikamwambia, "niwekee mkono gotini. Mungu anaijua njia ya kutoka gotini mpaka jichoni."

Akalipima lile neno, akaona halina kosa. Alipiga magoti barabarani, akaliombea goti langu la kulia mpaka mbuzi wa jirani wakahama. Napenda kutoa ushuhuda kwamba goti hilo, lililokuwa likiniuma tangu enzi za pikipiki, halikuuma tena mpaka Moshi.

Mzee mmoja wa Bereko, Mzee Ramadhani, alisikia kuna wazee wanaopigwa na jua, akatukaribisha kwake. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo tulikutana vivuli viwili. Akasema shikamoo, nami nikasema shikamoo pale pale, na hakuna aliyekubali kuitikia marahaba. Yeye alidai mimi ni mkubwa kwa sauti, nami nikadai yeye ni mkubwa kwa uji aliokwisha kunywa. Tukalinganisha miaka ya njaa tunayoikumbuka, tukakuta kila mmoja anaikumbuka ile ile. Mkewe alikata shauri kwa kuweka ugali wa uwele na mlenda katikati yetu, na asali ya kumalizia. Mlenda ule ulikuwa sawa na wa nyumbani. Mama Amosi alijaribu kutafuta kasoro, kama ilivyo haki yake, akaikosa, akaomba aongezewe. Tuliwaachia nusu ya zabibu.

Babati hadi Moshi: mtori

Kutoka Babati sina mengi. Tairi jipya lilikwenda bila wimbo, na mimi nililala.

Huko Moshi tulipokewa na mjane mmoja wa kanisa, Mama Aikande, mtu wa maneno machache na masufuria makubwa. Alitutengea mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Mama Amosi aliwahi kusikia kwamba mtori ni chakula cha mama aliyejifungua. Akanywa bakuli zima, akashukuru, kisha akauliza kwa adabu mtoto amelazwa chumba gani ili akamwone, na kama ni wa kike au wa kiume. Mama Aikande akajibu kwamba katika nyumba ile mtu wa mwisho kuzaliwa ana wajukuu. Wakatazamana, naambiwa, kisha Mama Aikande akaenda kuongeza bakuli. Tangu hapo walikuwa marafiki, na waliniweka nje ya mazungumzo yao yote.

Chumba cha daktari

Tulingoja sana kwenye benchi. Mlango ulipofunguliwa nikaona koti jeupe, na kwenye koti hilo vichwa kadhaa.

"Shikamoo, daktari."

Koti likasita. Kisha sauti ya mwanamke kijana ikasema, "Mzee, nisamehe. Nilikuwa nakunywa chai. Ndiyo maana mmengoja sana."

Mama Amosi aligeukia ukutani. Nilimsikia akibana kicheko.

Daktari alikuwa mpole na makini. Alinipima kwa mashine moja baada ya nyingine, akatoa picha ya jicho yenye rangi za vilima na mabonde. Mama Amosi akasema inafanana na Bereko. Daktari akaanza kunieleza kwa uangalifu, kama wanavyoeleza habari ngumu kwa wazee: konea imepunguzwa kila mara kwa leza, iliyobaki haina nguvu ya kuzuia msukumo wa ndani, kwa hiyo...

"Kwa hiyo imetoka nundu," nikasema. "Kama tairi lililochongwa mara tatu. Na la nne ni kuchonga upepo."

Akaniomba niseme tena. Nikamsimulia habari za Shabani, naye akasema mfano huo atawapa wagonjwa wengine, ila yeye alikuwa hajui kwamba matairi ya mabasi huchongwa, na sasa angependa kujua ni basi gani ili asilipande. Kisha akasema wazi wazi: leza isikaribie tena macho haya, awe ameileta nani. Jicho la kushoto lina kovu. Huenda siku moja likapandikizwa konea ya marehemu mwenye huruma, tusubiri. Jicho la kulia, tujaribu lenzi.

Si ile lenzi ndogo ya vijana. Ni kama bakuli dogo la kioo, pana, hukaa juu ya weupe wa jicho na kuiruka konea bila kuigusa, na katikati hujazwa maji ya chumvi. Ile nundu inaogelea humo ndani, kwa amani. Kuivaa kuna adabu yake: unainama mpaka uso unatazama sakafu, kama ng'ombe anayekunywa, ili maji yasimwagike, na bakuli linapanda kukutana na jicho. Akaniinamisha. Nikahisi ubaridi. Akasema niinuke.

Nikaona kitasa cha mlango. Kimoja.

Ndugu zangu, sijui kama mmewahi kupendezwa na kitasa. Kilikuwa na mkwaruzo mdogo upande wa kushoto, na mkwaruzo ule ulikuwa mmoja. Nikatazama dirisha, lilikuwa moja. Nikamtazama daktari: kichwa kimoja, na juu yake nywele zilizosukwa vizuri, na umri wa kuwa mjukuu wangu. Nikaona aibu kwa shikamoo, lakini kidogo.

Kisha nikageuka kwenye kiti cha pembeni.

Mama Amosi alikuwa ameshika mkoba mapajani kwa mikono miwili. Nywele zilizochungulia chini ya kilemba zilikuwa nyeupe. Nilipomwona vizuri mara ya mwisho zilikuwa nyeusi, na mimi kwa miaka yote hii nilikuwa nimeendelea kuishi na yule wa nywele nyeusi. Kulikuwa na mistari midogo kuzunguka macho yake, mingi, na yote inaelekea juu, ya mtu aliyecheka sana. Nilijawa na furaha mpaka sikuwa na neno jingine mdomoni.

"Shikamoo, Mama Amosi."

Akanitazama. Tabasamu likamtoka usoni kidogo kidogo. Akainamia mkoba wake.

"Kumbe unajua," akasema.

"Najua nini?"

"Kuhusu somo. Nani amekuambia? Ni mchungaji?"

Nikakaa. Daktari akajifanya anafuta meza. Na hapo, wapendwa, Mama Amosi akaniambia mambo mliyoyajua nyote. Kwamba mchungaji anajua, na wazee wa kanisa wanajua, na kwaya inajua, na hata watoto wa shule ya Jumapili wanajua kwamba sisomi.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu Jumapili ya kwanza. Ulikishika Kitabu juu chini. Mzee wa kanisa alikuja kukipangusa vumbi, unakumbuka? Alikuja kukigeuza."

Nilikumbuka. Niliwahi kumsifia mzee yule kwa usafi.

"Na siku ile uliyosema habari za mpanzi," akaendelea, kwa kuwa shikamoo ikishaanza kufukua haiachi, "somo lilikuwa la karamu ya arusi. Mchungaji alikuwa ameandaa mahubiri ya arusi wiki nzima. Akasimama, akahubiri mpanzi."

"Na hakuna aliyesema kitu?"

"Nilitaka kukuambia. Wakasema, mwache. Walisema ukisema hivyo kwa kichwa wanasikia vizuri kuliko watu wanaosoma." Akajifuta pua. "Marahaba, Baba Amosi. Nimekosa."

Nilidhani nitaona aibu. Niliingoja ije. Kilichokuja kilikuwa kicheko, kilianzia chini kabisa kwenye goti lile lililoombewa, kikapanda. Kanisa zima lilikuwa linaniigizia kwamba linanisikiliza nikisoma, na mimi ninaliigizia kwamba nasoma, Jumapili baada ya Jumapili, sote tukiwa makini kweli kweli. Mama Amosi naye akaanza kucheka. Daktari akauliza kama lenzi inaniwasha.

Kisha akanipa ukurasa nisome, na herufi za karibu zikawa bado ukungu. Akasema hilo ni la umri tu, akanivalisha miwani ya kusomea. Yaani mtu aliyechongwa mara tatu ili aepukane na miwani, sasa ana lenzi, ana maji ya chumvi, na juu yake ana miwani. Nikacheka tena mpaka ikanibidi nishike meza. Lakini niliusoma ule ukurasa. Ulikuwa maelezo ya namna ya kunawa mikono, nikausoma wote kwa sauti, polepole, kama somo.

Baada ya hapo daktari aliitoa lenzi, maana ilikuwa ya kupimia tu, na yangu ililazimika kutengenezwa ng'ambo. Ule mlima maarufu nilikuwa nimeutafuta dirishani kwa muda wote ule mfupi. Ulijifunika wingu kama bibi arusi mwenye hila. Vichwa vikarudi kuwa vingi. Tulirudi kwa Mama Aikande kungoja. Niliulizwa kama kungoja kulikuwa kugumu. Hapana. Nilikuwa nimeshajua kwamba kitasa ni kimoja. Nilikula mtori nikangoja.

Kurudi: amina za Kondoa

Lenzi ilipofika, nilifundishwa kuivaa mwenyewe, na siku ya kuondoka mlima ulijifunua wote, theluji yake yote, nikaupungia mkono kutoka kwenye basi.

Lenzi ile haikai siku nzima. Mara nyingine unaitoa, unaisuuza, unaijaza maji mapya. Kati ya Bereko na Kondoa ikaanza kuwa na ukungu. Basi liliposimama kuchukua abiria nikanawa mikono, nikaitoa, nikaijaza, nikainamisha kichwa mpaka magotini. Mkono wa mtu mzee huchukua muda. Ghafla nikagundua hakuna sauti. Redio ya basi ilikuwa imezimwa. Nikainuka, jicho likaona, na nilichokiona ni basi zima limeinamisha vichwa: kofia zimevuliwa, akina mama wamefumba macho, mzee mmoja mwenye kanzu ameinua viganja.

"Amina," wakasema.

Ningewaambiaje kwamba nilikuwa najaza bakuli? "Amina," nikasema. Na kwa kuwa haikuwa haki kuwachukulia watu amina yao bure, nikarudisha kichwa chini na kuomba kweli. Tangu siku ile siivai lenzi bila kuwa na la kuomba. Mungu ametumia njia ndefu kunirudisha kwenye kuinama.

Pale Kondoa yule muuza mayai alikuja dirishani. Nilimtambua kwa ndevu zake za kuahidiwa. Yeye alinitambua kwanza, akaweka beseni chini, akaniamkia kwa mikono miwili. Nikamwitikia marahaba yake kamili, na tukanunua mayai. Yalikuwa ya leo. Aliapa hivyo kabla hajaulizwa.

Ipagala, Jumapili

Amosi alitupokea stendi. Nilimweleza habari za tairi, akasikiliza mpaka mwisho, na habari za leza ya nne zikafa hapo hapo, bila mazishi. Kisha akaniuliza namwonaje. Nikamwambia amenenepa.

Sikukuu ya Mavuno niliivaa lenzi chumba cha mchungaji, nikiwa nimeinama, na mchungaji akainama nami, nikamwacha. Nikapanda mbele. Mlikuwepo. Kulikuwa na mahindi, karanga na maboga mbele ya madhabahu, na nyuma yake nyuso zenu, kila uso mmoja. Niliwaona mlivyo, wazee, kwaya, watoto, mmejipanga kusikiliza kama mnavyosikiliza siku zote. Nilikuwa nimetunga maneno ya shukrani, marefu, na yote yakanitoka kichwani.

Kwa hiyo nikawatazama, wakubwa na wadogo, kwa jicho linaloona umri wa kila mmoja wenu, nikasema:

"Shikamooni."

Niliona watu wakitazamana, niliona mzee wa kanisa, yule wa kupangusa vumbi, akishika paji la uso. Mchungaji alianza kuchunguza viatu vyake. Hakuna aliyeuliza amekosea nini. Na kutoka benchi la kwanza, chini ya kilemba cheupe, Mama Amosi akaitikia:

"Marahaba."

Ndipo kanisa zima likaitikia, mpaka watoto.

Nikavaa miwani, nikakiangalia Kitabu. Kilikuwa kimefunguliwa mahali pengine kabisa, kama mlivyozoea kunifungulia, maana hakukuwa na haja. Nikaanza kupekua mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, nikilitafuta somo la siku ile, nanyi mkaningoja.